Jinsi ya kupanga violesura vya mtandao katika faili za kuanzishia mfumo wa Unix

Na MWANDISHI WETU

TARAKILISHI inayotumia mfumo wa Unix inapowashwa, hupitia hatua kadhaa kabla ya kuwa tayari kutoa huduma. Kiini cha mfumo huamka kwanza, kikatambua kumbukumbu, diski na kadi zilizomo, kisha kikaikabidhi kazi programu iitwayo init. Programu hiyo nayo hufuata maagizo yaliyoandikwa katika faili maalumu, na miongoni mwa maagizo hayo ni yale ya kuiunganisha mashine na mtandao.

Maagizo hayo huwa mistari michache tu. Hata hivyo, yakikosewa, seva nzima hutengwa na ulimwengu ingawa taa zake zinawaka na diski zake zinazunguka. Barua pepe hazifiki, tovuti haifunguki, na msimamizi aliye mbali hana njia ya kuingia ili arekebishe. Hana budi kufunga safari hadi mahali mashine ilipo, au kumpigia simu mtu aliye karibu na kumwelekeza herufi baada ya herufi.

Aghalabu kosa la aina hii halionekani siku linapotendeka. Msimamizi huandika amri kwenye skrini, mtandao ukafanya kazi, naye akaenda zake. Miezi inapita, kisha umeme unapotea usiku mmoja. Unaporudi, mashine inawaka bila anwani yoyote, kwa sababu amri ile haikuwahi kuandikwa katika faili inayosomwa wakati wa kuwasha.

Makala haya yanaeleza jinsi faili hizo zinavyofanya kazi, zilikotoka, na namna bora ya kuzipanga ili mashine iwake ikiwa na mtandao uleule iliokuwa nao ilipozimwa. Mfano mkuu ni mfumo wa FreeBSD, ambao mpangilio wake ni rahisi kufuata. Mifumo mingine inayotumika kwa wingi imetajwa pia ili msomaji aweze kulinganisha.

Kiolesura ni nini?

Kiolesura cha mtandao ni mlango ambao data hupitia kuingia na kutoka katika tarakilishi. Mara nyingi mlango huo ni kadi halisi inayochomekwa kebo, au kadi ya mawimbi isiyohitaji waya. Wakati mwingine huwa ni kitu cha kubuniwa na programu tu, mfano ukiwa ni kiolesura cha ndani kinachojulikana kama lo0 katika mifumo ya BSD na lo katika Linux. Kiolesura hiki hubeba anwani 127.0.0.1, nayo mashine hukitumia kujizungumzia yenyewe.

Ili kiolesura kifanye kazi, kinahitaji mambo matatu au manne. Kwanza ni anwani yake. Pili ni netmask, yaani kipimo kinachoonyesha sehemu ipi ya anwani inautambulisha mtandao na sehemu ipi inaitambulisha mashine. Tatu ni anwani ya ruta ambayo data inayokwenda mbali hukabidhiwa. Nne ni anwani ya seva inayogeuza majina ya tovuti kuwa nambari.

Amri ya kale zaidi ya kumpa kadi anwani ni ifconfig, iliyotokea katika toleo la 4.2BSD la Chuo Kikuu cha California, Berkeley, mwaka wa 1983. Toleo hilo ndilo lililosambaza pakubwa itifaki za TCP/IP miongoni mwa watumiaji wa Unix. Amri hiyo ingali inatumika katika mifumo ya BSD. Katika Linux, nafasi yake imechukuliwa kwa kiasi kikubwa na amri ya ip.

Amri hizi mbili zina sifa moja inayowatatiza wengi: hubadilisha hali ya sasa pekee. Mashine ikizimwa, kila kitu kilichowekwa kwa ifconfig au ip hufutika. Kinachodumu ni kile kilichoandikwa katika faili za kuanzishia mfumo.

Zilikotoka faili za rc

Herufi rc zinazoonekana katika majina mengi ya faili za Unix zina asili ya kale. Zilitokana na neno runcom, lililotumika katika mfumo wa CTSS wa chuo cha MIT nchini Marekani katika miaka ya 1960, kwa maana ya orodha ya amri zinazotekelezwa kwa mfululizo. Unix ilipoundwa, ilirithi wazo hilo, na faili ya /etc/rc ikawa ndiyo inayosomwa mashine inapowashwa.

Katika Unix ya Berkeley ya miaka ya 1980, amri za ifconfig ziliandikwa moja kwa moja ndani ya faili ya rc.local. Utaratibu huo ulikuwa mwepesi kueleweka, kwani msimamizi alifungua faili moja na kusoma kutoka juu hadi chini. Tatizo lilizuka mfumo ulipopandishwa hadi toleo jipya. Maagizo ya mwenye mashine yalikuwa yamechanganyika na skripti, na ilibidi ayatenganishe kwa mkono.

Kampuni ya AT&T ilichukua njia nyingine katika System V, iliyotolewa mwaka wa 1983. Kazi za kuanzisha mfumo ziligawanywa katika viwango, na kila huduma ikapewa skripti yake. Skripti hizo zilipangwa katika saraka kama vile /etc/rc2.d. Majina yake yalianza kwa herufi S kwa zile za kuanzisha huduma na K kwa zile za kusimamisha, yakifuatwa na nambari za kuonyesha zamu.

Nambari hizo ziliondoa mkanganyiko wa faili moja ndefu, lakini zikaleta mwingine. Aliyetaka kuongeza huduma alilazimika kukisia nambari ifaayo, na hakuna popote palipoelezwa kwa nini huduma fulani ilipewa 20 na nyingine 85.

Mfumo wa NetBSD ulitoa suluhisho katika toleo lake la 1.5, lililotoka Desemba 2000. Humo, kila skripti iliyo katika saraka ya /etc/rc.d hutaja yenyewe inatoa huduma gani na inahitaji huduma zipi zitangulie. Programu iitwayo rcorder husoma maelezo hayo na kupanga zamu. FreeBSD iliufuata mtindo huo katika toleo la 5.0 mnamo Januari 2003, na inaendelea kuutumia.

Manufaa makubwa ya mtindo huu ni kwamba kazi na vigezo vimetenganishwa. Skripti zinazotenda kazi ni mali ya mfumo, na msimamizi hana haja ya kuzigusa. Yeye huandika matakwa yake katika faili moja, /etc/rc.conf.

Mfano wa FreeBSD

Tuchukue mfano wa seva ya ofisi yenye kadi mbili. Ya kwanza, em0, imeunganishwa na kampuni inayotoa huduma ya intaneti. Ya pili, em1, inahudumia tarakilishi za ndani. Anwani za nje katika mfano huu ni zile zilizotengwa kwa ajili ya mafunzo, na msomaji ataweka zake mwenyewe.

# Jina la mashine
hostname="seva.ofisi.example"

# em0: kebo ya kwenda kwa mtoa huduma
ifconfig_em0="inet 203.0.113.10 netmask 255.255.255.0"
defaultrouter="203.0.113.1"

# em1: mtandao wa ndani, swichi ya ghorofa ya kwanza
ifconfig_em1="inet 192.168.10.1 netmask 255.255.255.0"
ifconfig_em1_alias0="inet 192.168.10.2 netmask 255.255.255.255"

# Njia ya kwenda tawi
static_routes="tawi"
route_tawi="-net 192.168.20.0/24 192.168.10.254"

# Ruhusu data kupita kutoka kadi moja hadi nyingine
gateway_enable="YES"

Mistari inayoanza kwa alama ya # ni maelezo ya binadamu, na mashine huipuuza. Usiidharau. Ndiyo itakayomwambia atakayekurithi kwamba em1 inakwenda ghorofa ya kwanza, jambo ambalo hakuna amri yoyote inayoweza kumfichulia.

Mtandao wa ndani hapa umepewa anwani zinazoanza kwa 192.168. Anwani hizi ni miongoni mwa zile zilizotengwa mwaka wa 1996 kwa matumizi ya ndani ya mashirika, pamoja na zinazoanza kwa 10 na zile za kuanzia 172.16 hadi 172.31. Netmask ya 255.255.255.0 huacha nafasi ya mashine 254 katika mtandao mmoja, idadi inayozitosha ofisi nyingi.

Kadi ya em1 imepewa anwani ya pili kupitia neno alias0. Hapa kuna mambo mawili ya kuzingatia. Kwanza, anwani ya ziada iliyo katika mtandao uleule huandikiwa netmask ya 255.255.255.255. Pili, nambari za alias sharti zianze kwa sufuri na zifuatane bila pengo. Ukifuta alias1 na kuacha alias2, mfumo utasimama penye pengo, na anwani zote zilizo baada yake hazitawekwa. Wengi wamepoteza saa nyingi wakitafuta anwani iliyopotea, kumbe nambari ndiyo iliyorukwa.

Endapo kadi inapata anwani yake kutoka kwa ruta, mstari huwa mfupi zaidi:

ifconfig_em0="DHCP"

Njia hii inafaa kwa tarakilishi za kawaida na hata kwa kadi ya nje pale mtoa huduma anapoitaka. Haifai kwa kadi ambayo mashine nyingine zinaitegemea, kwani anwani ikibadilika, zote zitampoteza mwenyeji wao. Anayetaka DHCP hata kwa seva afadhali aiagize ruta iitengee kadi hiyo anwani isiyobadilika.

Anwani za IPv6, ambazo matumizi yake yamekuwa yakipanuka, huandikwa katika mstari wake:

ifconfig_em1_ipv6="inet6 2001:db8:10::1 prefixlen 64"

Ni vyema mstari huu ukae chini ya ule wa IPv4 wa kadi ileile badala ya kukusanya anwani zote za IPv6 mwishoni mwa faili. Mtu anayechunguza kadi moja anastahili kuyaona yote yanayoihusu mahali pamoja.

Mstari wa mwisho ndio unaoshinda

Kuna jambo jingine ambalo halina budi kufahamika kuhusu rc.conf. Ingawa inafanana na fomu ya kujazwa, kwa hakika ni skripti inayosomwa na sheli, ile programu inayotekeleza amri. Hivyo basi, kigezo kikiandikwa mara mbili, cha mwisho ndicho hutumika, na mfumo hautatoa onyo lolote.

Tuseme msimamizi wa kwanza aliandika defaultrouter katika mstari wa 5. Miaka miwili baadaye, mwenzake akaongeza defaultrouter nyingine katika mstari wa 60. Wa tatu anapokuja kubadilisha ruta, anaona mstari wa 5, anaurekebisha, anaiwasha mashine upya na hakuna kinachobadilika. Dawa ni kuitafuta faili nzima kwa amri ya grep kabla ya kuandika lolote, au kutumia sysrc, ambayo hubadilisha kigezo bila ya kuacha nakala mbili.

Isitoshe, kwa kuwa faili hii ni skripti, alama moja ya kunukuu ikisahaulika huweza kuivuruga faili nzima, na mashine ikashindwa kuwaka inavyotakiwa. Amri ya sh -n /etc/rc.conf hukagua sintaksia bila kutekeleza chochote. Haichukui hata sekunde moja, na yafaa iwe desturi kila mara faili inapoguswa.

Vigezo vya kawaida vya FreeBSD vimo katika faili nyingine, /etc/defaults/rc.conf. Faili hiyo ni ya kusomwa tu. Ukiibadilisha, marekebisho yako yatafutwa mfumo utakapopandishwa hadi toleo jipya. Kila unachotaka kiwe tofauti, kiandike katika /etc/rc.conf, ambayo husomwa baadaye na hivyo hushinda.

Majina ya kadi

Katika mifumo ya BSD, jina la kiolesura hutokana na kiendeshi cha kadi. Kadi nyingi za Intel za kasi ya gigabiti huitwa em, nazo nyingi za Realtek huitwa re. Nambari inayofuata huonyesha ni ya ngapi. Mtindo huu humsaidia msimamizi kujua mara moja ana kadi ya aina gani.

Hata hivyo, una hatari yake. Radi ikiunguza kadi ya Intel, na duka la karibu likawa na ya Realtek pekee, mashine itawaka ikiwa na re0. Mstari wa ifconfig_em0 utabaki pale ukimsubiri mgeni asiyekuja, huku kadi mpya ikikosa anwani. Anayebadilisha kadi sharti abadilishe jina hilo kila mahali lilipotajwa, zikiwemo kanuni za ukuta wa kinga.

FreeBSD inamruhusu msimamizi kuipa kadi jina la kazi yake:

ifconfig_em0_name="nje"
ifconfig_nje="inet 203.0.113.10 netmask 255.255.255.0"

Baada ya hapo, faili nyingine zote zitataja nje badala ya em0. Siku kadi itakapobadilishwa, ni mstari mmoja tu utakaorekebishwa.

Linux nayo ilikuwa na tatizo la aina yake. Kadi ziliitwa eth0, eth1 na kuendelea, kulingana na jinsi kiini kilivyozitambua. Mashine yenye kadi mbili ingeweza kuwaka siku moja majina yakiwa yamebadilishana, na kadi ya ndani ikajikuta na anwani ya nje. Kwa seva inayolinda mtandao wa ofisi, hilo ni sawa na mlango wa mbele na wa nyuma kubadilishana makufuli.

Toleo la 197 la systemd, lililotoka Januari 2013, lilileta majina yanayotokana na mahali kadi ilipo. Jina eno1 ni la kadi iliyojengewa ndani ya ubao mkuu, ilhali enp3s0 hutaja nambari za njia na nafasi ambamo kadi imechomekwa. Majina haya hayapendezi machoni, lakini hayabadiliki ovyo. Yanaweza kubadilika, hata hivyo, kadi ikihamishwa hadi nafasi nyingine.

Mifumo mingine inavyofanya

OpenBSD imechagua faili moja kwa kila kiolesura. Kadi ya em0 ina faili yake, /etc/hostname.em0, ambayo inaweza kuwa na mstari mmoja tu:

inet 192.168.10.5 255.255.255.0

Anwani ya ruta huandikwa katika /etc/mygate na jina la mashine katika /etc/myname. Msimamizi akitaka kuiwasha upya kadi moja bila kugusa nyingine, hutumia amri ya sh /etc/netstart em0. Ubora wa mpango huu ni kwamba kosa katika faili ya kadi moja haliziharibu nyingine.

Solaris ya zamani ilikuwa na mtindo unaokaribiana na huo. Faili ya /etc/hostname.hme0 ilibeba jina au anwani ya kadi, /etc/netmasks ikabeba vipimo, na /etc/defaultrouter ikabeba ruta. Toleo la Solaris 11 la mwaka wa 2011 liliuacha utaratibu huo na kuleta amri za dladm na ipadm, ambazo hutunza vigezo zenyewe.

Debian hutumia faili ya /etc/network/interfaces, inayosomwa na amri za ifup na ifdown:

auto eth0
iface eth0 inet static
    address 192.168.10.5
    netmask 255.255.255.0
    gateway 192.168.10.1

Neno auto ndilo linaloamua kama kadi itawashwa pamoja na mfumo. Likisahaulika, kadi itafanya kazi msimamizi anapoandika ifup kwa mkono, lakini itakaa kimya baada ya mashine kuzimwa na kuwashwa. Inawezekana pia kuigawa faili hii vipande vipande katika saraka ya interfaces.d.

Kwa miaka mingi, Red Hat na jamaa zake zilitumia faili za ifcfg, kwa mfano /etc/sysconfig/network-scripts/ifcfg-eth0. Humo, ONBOOT=yes ilifanya kazi ileile ya auto. Toleo la RHEL 9 la mwaka wa 2022 liliziondoa skripti hizo za zamani, na vigezo sasa huhifadhiwa na programu ya NetworkManager katika saraka ya /etc/NetworkManager/system-connections.

Ubuntu nayo ilileta netplan katika toleo la 17.10 la Oktoba 2017. Vigezo huandikwa kwa mtindo wa YAML katika saraka ya /etc/netplan. Katika mtindo huo, nafasi zilizo mwanzoni mwa mstari zina maana, na kitufe cha tab hakiruhusiwi kuzitengeneza.

Kuna pia systemd-networkd, ambayo husoma faili zenye mkia wa .network kwa kufuata mpangilio wa alfabeti na nambari. Faili ya kwanza inayolingana na kadi ndiyo hutumika na zilizobaki hupuuzwa. Huu ni mwenendo ulio kinyume kabisa na wa rc.conf, na anayehama kutoka mfumo mmoja hadi mwingine hana budi kuukumbuka.

Zamu za kuanza

Kupanga anwani hakutoshi iwapo huduma zinaanza kwa zamu isiyofaa. Kiolesura cha ndani hutangulia, kadi halisi hufuata, kisha njia za ruta, halafu huduma zinazozitegemea. Seva ya barua ikianza kabla ya mtandao kuwa tayari, huenda ikakwama ikijaribu kutafuta maana ya jina la mashine yake yenyewe. Kwa sababu hiyo, wataalamu hushauri jina la seva na anwani yake viandikwe pia katika /etc/hosts, ili mashine isilazimike kuuliza nje.

Diski zinazoletwa kupitia mtandao nazo huhitaji uangalifu. Mfumo ukijaribu kuziunganisha kabla ya kadi kupata anwani, uwashaji mzima unaweza kukwama. Katika Linux, neno _netdev ndani ya /etc/fstab huujulisha mfumo kwamba diski hiyo isubiri mtandao. Katika FreeBSD, neno late hufanya kazi inayokaribiana na hiyo.

Kuhusu ukuta wa kinga, swali ni hili: mashine inabaki wazi kwa muda gani kati ya kadi kupata anwani na kanuni za ulinzi kuanza kazi? OpenBSD hulijibu kwa kuweka kanuni chache za muda zinazozuia karibu kila kitu kabla ya kadi kuwashwa, kisha huzipisha kanuni kamili baadaye. Aidha, si busara kutumia majina ya tovuti ndani ya kanuni za ukuta, kwani wakati wa kuwasha huenda seva ya majina bado haijafikiwa. Nambari ni salama zaidi.

Kubadilisha seva iliyo mbali

Hakuna kazi inayomtoa msimamizi jasho kama kubadilisha anwani ya kadi ileile anayoipitia kuingia. Ni kama kukata tawi ulilolikalia. Kosa dogo, na mazungumzo yanakatika.

Katika FreeBSD, kosa la kawaida ni kuandika service netif restart peke yake. Amri hiyo huwasha kadi upya, lakini njia ya kupitia ruta huweza kupotea, na msimamizi aliye nje akafungiwa. Amri mbili sharti ziandikwe katika mstari mmoja:

service netif restart && service routing restart

Hata hivyo, tahadhari iliyo bora ni kuiandaa mashine ijirudishe yenyewe. Kwanza, weka nakala ya faili inayofanya kazi, kwa mfano /etc/rc.conf.zamani. Pili, tumia amri ya at kuiagiza mashine irudishe nakala hiyo na kujiwasha upya baada ya dakika 15. Tatu, fanya mabadiliko yako. Nne, jaribu kuingia upya kupitia dirisha jipya, bila kufunga lile la awali. Ukifaulu, futa agizo hilo kwa atrm. Ukishindwa, subiri.

Ikumbukwe kuwa katika FreeBSD, maagizo ya at hukaguliwa kila baada ya dakika tano, hivyo mashine inaweza kuchelewa kidogo kurejea. Watumiaji wa netplan wana njia rahisi zaidi. Amri ya netplan try huweka vigezo vipya na kuvirudisha vya zamani baada ya sekunde 120 iwapo msimamizi hatathibitisha.

Jaribio la mwisho ni kuiwasha mashine upya kwa makusudi, mchana, wakati kuna mtu karibu nayo. Mashine ambayo haijawahi kuzimwa na kuwashwa tangu ibadilishwe haijathibitishwa.

Kanuni za kufuata

Bila kujali mfumo unaotumika, kanuni zifuatazo humwepusha msimamizi na taabu nyingi:

1. Kila kigezo kiwe na makao mamoja. Anwani iliyoandikwa katika faili tatu itabadilishwa katika mbili na kusahauliwa katika ya tatu.

2. Yanayohusu kadi moja yakae pamoja, yakitanguliwa na maelezo ya kebo inakokwenda na sababu ya kuwekwa kwake.

3. Usiguse faili za mfumo. Andika katika faili iliyotengewa mwenye mashine.

4. Usitumie rc.local kuwekea amri za ifconfig au ip ikiwa mfumo una mahali rasmi pa vigezo hivyo. Faili hiyo husomwa mwishoni, baada ya huduma nyingi kuwa zimeanza.

5. Programu moja pekee ndiyo isimamie kadi. NetworkManager na ifupdown zikigombea kadi moja, matokeo hayatabiriki.

6. Weka historia ya mabadiliko. Nakala zenye tarehe zinatosha kwa mashine moja, na programu ya Git inafaa zaidi kwa mashine nyingi.

7. Chapisha anwani, majina ya kadi na namba za matundu ya swichi kwenye karatasi na kuiweka karibu na mashine. Mtandao ukianguka, kumbukumbu zilizo ndani ya mtandao huo hazisomeki.

Nchini Kenya, haja ya mpangilio wa aina hii imekua tangu nyaya za baharini za SEACOM na TEAMS zilipofika Mombasa mwaka wa 2009. Ofisi iliyokuwa na kiungo kimoja dhaifu ikaweza kuwa na viwili, kimoja cha kazi na kingine cha dharura. Viungo viwili ni kadi mbili, ruta mbili na mistari maradufu katika faili za kuanzishia mfumo. Kiungo cha dharura ambacho hakijaandikwa humo vizuri hakitafaa kitu siku kinapohitajika.

Wahenga walisema usipoziba ufa utajenga ukuta. Kwa msimamizi wa mifumo ya Unix, ufa huo aghalabu ni mstari mmoja uliochapwa kwenye skrini, ukafanya kazi, na haukuwahi kuandikwa katika faili. Kuutafuta leo ni kazi ya dakika chache: linganisha kile ifconfig au ip inachoonyesha sasa na kile kilichomo katika faili za kuanzishia mfumo. Tofauti yoyote itakayoonekana ndiyo itakayokosekana umeme utakapopotea na kurudi.